Swichi ya Bafu la Nje

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, kila kitu katika jengo la Wakala wa Mbegu kilikuwa kimezimwa, na taa ndogo nyekundu ya mita kuu ilikuwa bado inapepesa.

Watu sita walisimama chini ya ngazi, mbele ya ubao wa swichi, wakiitazama. Chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu kilikuwa na mita yake peke yake, kwa hiyo hakikuhusika. Taa, feni, kompyuta na mashine za maabara zilikuwa zimezimwa na plagi zake kuchomolewa, chumba kwa chumba, na afisa nishati mwenyewe alikuwa amepita nyuma ya kila mtu kuhakikisha. Kwa hesabu yake taa ile ilipaswa kutulia. Ilipepesa kwa mwendo ule ule, bila haraka.

“Kuna mtu anakula hapa,” alisema mkurugenzi.

Wageni wa wizara walikuwa wanakuja Jumatano kukagua kama wakala unastahili kuitwa ofisi ya mfano katika matumizi endelevu ya nishati. Mkurugenzi alikuwa mwanamke asiyependa kushtukizwa mbele ya wageni. Alikuwa amevua viatu vya kazini na kuvaa ndala, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya Jumatatu.

Fundi umeme wa wakala alikohoa. Alisema labda mita ina hitilafu. Mita za siku hizi nazo zina uchawi wake.

“Mita haina uchawi,” alisema afisa nishati. “Mita inahesabu tu.”

Alikuwa amelisema hilo mara nyingi, kwenye mikutano na kwenye matangazo aliyoyabandika juu ya kila swichi. Wenzake walimwita Bwana Zima. Alikuwa amepiga marufuku viyoyozi kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amekusanya mabirika ya umeme ya ofisi zote na kuyafungia kabatini mwake, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi ya gundi. Watu walipolalamika, aliwaonyesha ukutani picha ya mita ya nyumbani kwake: watu watano, uniti mbili kwa siku. Kama mimi naweza, alisema, nyinyi mnashindwa nini? Mhasibu, mwenye watoto wanne na jokofu la zamani, hakuwahi kuisahau picha ile.

Wakaanza kuzima swichi za ubao moja baada ya nyingine. Maabara: taa inapepesa. Ghorofa ya juu: inapepesa. Taa za lango na kibanda cha mlinzi: inapepesa. Fundi alikuwa mwepesi mwanzoni, kisha mkono wake ukawa mzito. Ilipobaki swichi ya mwisho kwenye safu, yenye maandishi yaliyofifia, alisema ile haina kazi. Ilikuwa ya bafu la nje, na bafu la nje lilibomolewa zamani.

“Kama haina kazi, haitaumia,” alisema afisa, akaishusha kwa kidole.

Taa nyekundu ikatulia.

Mkurugenzi alipiga makofi, na wengine wakafuata. Afisa aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea alichokistahili.

Waya uliotoka kwenye swichi ile ulipita kwenye bomba jeusi nyuma ya jengo, ukafuata ukingo wa bustani. Walifuatana nao kwa mstari, mkurugenzi mbele na ndala zake, fundi nyuma kabisa. Bomba lilifika kwenye kibanda cha mlinzi, likapinda kwa nyuma na kuzama ardhini. Ndani ya kibanda, juu ya stuli, kulikuwa na birika la umeme.

“Ndilo hili,” alisema mkurugenzi.

Mlinzi alisimama. Alikuwa mtu wa makamo aliyefungua na kufunga lango lile tangu siku za mkurugenzi aliyepita, na aliitwa Mzee wa Lango hata na waliomzidi umri. Birika lake ndilo pekee lililosamehewa, kwa ajili ya zamu za usiku. Alisema kibanda kinapata umeme wa taa za lango, na umeme huo ulikatika mapema, walipozima swichi ile nyingine. Wote walimsikia akiuliza kuna nini. Alisema hivyo mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyekuwa anamtazama.

Hapo simu ya afisa ikalia. Alikuwa mama mkwe wake. Afisa akaipokea, maana mkwe hakatiwi simu.

“Baba, samahani kukusumbua kazini,” alisema mama. “Friza imezima ghafla. Na pasi nayo. Lakini taa zinawaka, na redio inaimba. Sijui nimegusa wapi.”

Afisa alitazama mahali bomba lilipozama. Mstari wake uliendelea chini ya ardhi hadi ukutani, na udongo juu yake ulikuwa umetitia kidogo, kama mfereji wa maji ya mvua. Nyuma ya ukuta kulikuwa na nyumba za watumishi. Nyumba ya kwanza ilikuwa yake.

“Hujagusa kitu, mama,” alisema. “Acha hivyo hivyo.”

Mkurugenzi akauliza kama kuna tatizo nyumbani. Alijibu kwamba ni mambo madogo.

Kisha akaambiwa achukue birika kama kielelezo. Aliliinua. Lilikuwa tupu na la baridi kabisa, baridi ya chombo ambacho hakijaguswa na moto tangu usiku. Fundi alikuwa anamtazama. Afisa alilibana birika kwapani, akatembea nalo hadi ofisini, akaliweka kabatini pamoja na mengine.

*

Sebuleni kwake kulikuwa na maji sakafuni. Friza ilikuwa imefunguliwa, na mama mkwe alikuwa amepiga magoti akikamua tambara kwenye ndoo. Mke wake alihamisha vifuko vya barafu kuvitia kwenye beseni, kana kwamba beseni lingeweza kuviokoa.

Mtaani mke wake aliitwa Mama Barafu. Aliuza barafu, maji baridi na juisi kwa majirani, na kwa wakala wenyewe alipeleka maji ya mikutano. Tangu viyoyozi vipigwe marufuku, oda za wakala zilikuwa zimeongezeka maradufu. Ubaridi uliokatazwa kuingia kwa dari uliingia kwa chupa.

Afisa alisogeza friza kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na soketi ambayo hakuwahi kuiona, nyeupe, safi, iliyofungwa kwa ustadi. Kila Jumapili jioni alikuwa akisoma mita mlangoni na kuandika namba. Hakuwahi kusogeza friza. Alikuwa anapima mita; nyumba hakuipima.

“Nani aliweka hii?”

“Fundi wenu,” alisema mke, bila kusimama. “Mwaka juzi. Alisema kuna waya umelala chini, wa bafu lililobomolewa. Nilimpa barafu ya harusi ya binti yake.”

“Na ulijua unatoka wapi.”

“Nilijua.”

Alimwambia amemwaibisha. Alisema hayo kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mama mkwe aliyekuwa miguuni pao na tambara lake.

“Ulitupa uniti mbili kwa siku,” alisema mke. “Nikuulize, baba watoto. Wewe msomi. Friza inakula ngapi peke yake?”

Alijua. Ilikuwa inakula karibu zote mbili. Ilikuwa hesabu ya dakika moja, na hakuwahi kuifanya, kwa kuwa namba ya mlangoni ilimpendeza.

“Ulimzimia mama redio saa mbili usiku,” aliendelea mke. “Ulimwogesha maji ya baridi wakati wa kipupwe, na yeye na miguu yake ile. Akasema mkwe wangu ana msimamo. Watoto walisomea kibarazani kwa taa ya jirani. Halafu ukaenda kutupiga picha ukatubandika ukutani.”

Mama mkwe alisema yaishe, maji ya baridi hayamwui mtu. Kisha akauliza, akiendelea kukamua, je, waliogundua wamesemaje?

Afisa aliwaeleza. Alitumia maneno machache. Alipofika kwenye birika, tambara lilisimama.

“Mzee wa Lango?” alisema mama. “Yule anayenishika mkono kwenye ngazi ya lango?”

“Hakuna aliyesema atafukuzwa.”

“Na wewe ulisema nini?”

Mke wake alifunga friza. Alisema wanaojua ni wanne: wao watatu na fundi, na fundi ana mdomo wa kaburi kwa sababu na yeye atazikwa humo. Wageni waje, waondoke, kisha wataona la kufanya kwa yule mzee. Watamtafutia kitu. Alisema hivyo haraka, na mume wake aliona aibu kugundua kwamba maneno yale ndiyo aliyokuwa anayasubiri.

“Aibu ya maiti aijuaye mwosha,” alisema mama mkwe. “Lakini huyu hajafa bado.” Akachukua ndoo akaenda kumwaga nje. Siku ile hakufika tena upande wa lango.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana mlinzi alibisha hodi. Alikuwa amevaa shati la kutokea na kofia ya kazi mkononi. Mke alikuwa na muda wa kutandika kitambaa cha meza juu ya friza na kuweka chombo cha maua ya plastiki.

Alikaribishwa kiti. Kofia hakujua aiweke wapi, akaiweka juu ya kitambaa, kando ya maua. Alipewa maji. Yalikuwa vuguvugu, na aliyanywa yote kwa adabu.

Akasema hakuja kulalamika. Msimamizi wa kampuni ya ulinzi amempigia simu: Jumatatu kutakuwa na kikao, na mlinzi mwingine ameshaambiwa ajiandae. Wizi kwenye lindo, kampuni haina mjadala. Kwa umri wake hataajiriwa pengine. Nani anataka mlinzi ambaye ameibia lango lake mwenyewe?

“Mimi si mtu wa umeme, mkuu,” alisema. “Wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Ukisema birika la Mzee haliwezi kula pale swichi yake imezimwa, watakuamini. Mimi nikisema ni kelele.”

Kila neno lilikuwa sahihi. Afisa alikuwa tayari ameliandika moyoni, kwa lugha bora zaidi, na kulifuta.

“Nitaliangalia,” alisema.

“Liangalie, mkuu. Nakutegemea.”

Chini ya friza maji ya barafu yaliyobaki yalikuwa yamepata njia. Yalitambaa kwenye sakafu hadi kwenye viatu vya mgeni. Mama mkwe aliinuka na tambara lake, akapiga magoti mbele yake, akaanza kupangusa. Mlinzi alirudisha miguu nyuma kwa haraka, akaomba radhi, akasema mama, acha, nitapangusa mwenyewe. Mama hakuacha na hakuinua uso. Mlinzi alidhani ni heshima, akafadhaika, akaaga mapema kuliko alivyokusudia. Alisahau kofia. Mke akamkimbilia nayo hadi nje.

Aliporudi alisimama mlangoni.

“Amenishukuru kwa maji,” alisema.

*

Kikao cha Jumatatu kilikuwa ukumbini, mbele ya wafanyakazi wote, kwa kuwa mkurugenzi alitaka kiwe fundisho. Viyoyozi vilikuwa vimezimwa. Mezani, mbele yake, vilipangwa koti la mlinzi, tochi na filimbi, kama mali ya marehemu. Mlinzi alisimama kando ya meza na shati lake la jana. Msimamizi wake alikuwa pembeni na fomu ya makabidhiano, na mlinzi mpya alikuwa tayari langoni.

Mkurugenzi alimtaka afisa aeleze kitaalamu. Afisa alisimama. Alisema mzunguko usioidhinishwa ulibainika. Alisema matumizi yalipatikana nje ya jengo kuu, kwenye njia ya waya inayopita kibandani. Hakusema uwongo hata mmoja. Alichagua kila neno kwa makini, na kila neno lilimsukuma mlinzi hatua moja kuelekea nje.

“Kwa hiyo ni huyu,” alisema mkurugenzi.

“Uchunguzi ulionyesha njia inapita hapo.”

Mlinzi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa bado anasubiri, kama mtu anayejua kwamba hotuba za wasomi huchelewa kufika kwenye jambo.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Mama Barafu akaingia na kreti ya maji ya kikao. Maji ya kila kikao yalikuwa oda yake, na hakuwa na njia ya kukataa bila kueleza. Alipita katikati ya viti akigawa chupa. Alifika mbele. Mkurugenzi alishika yake, akaipeleka shavuni kama kawaida yake, akaiondoa.

“Mama Barafu, leo umetuletea maji ya kuogea?”

Watu wakacheka. Ilikuwa nafuu kucheka. Mke alicheka pia, kidogo, na macho yake yakashuka mezani: koti, tochi, filimbi. Kisha yakampanda mlinzi, ambaye alimwitikia kwa kichwa na kuuliza kwa sauti ndogo mama anaendeleaje na miguu.

Mke aliweka kreti chini.

“Friza yangu haina umeme, bosi,” alisema. “Tangu Jumamosi. Mliponizimia swichi ile ya bafu.”

Ilichukua muda kidogo. Kwanza kicheko kilikatika upande wa mbele, kisha wa kati, na nyuma kabisa kuna mtu aliyekuwa bado anacheka hadi jirani yake alipomgusa. Fundi umeme aliinua uso akaanza kukagua dari kama aliyeitwa kuitengeneza.

“Swichi ipi?” aliuliza mkurugenzi, ingawa alikuwa ameelewa.

“Hiyo mliyoishusha. Waya wake unapita kibandani tu. Unakuja kwangu. Niliuomba mimi. Mzee hana habari.”

Hakumtazama mume wake. Alikuwa amempa nafasi hiyo, akae au asimame mwenyewe.

“Si ndiyo nyumba ya uniti mbili?” aliuliza mhasibu, kwa upole mkubwa. Picha ilikuwa pale pale ukutani, juu ya swichi ya taa.

Afisa alisimama mara ya pili. Alianza: mzigo uliobainika. Akaliacha neno hilo.

“Ni friza ya nyumbani kwangu,” alisema.

“Ulijua?” aliuliza mkurugenzi.

“Sikujua ilipowekwa.”

“Sikuulizi ilipowekwa. Ulijua lini?”

“Jumamosi.”

“Jumamosi jioni, uliporudi nyumbani.”

Ulikuwa mlango uliofunguliwa nusu, na mkurugenzi alikuwa ameushika, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya Jumatano. Afisa aliuona. Mlinzi alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa.

“Hapana. Palepale kibandani. Simu ilipopigwa.”

“Kabla sijakwambia uchukue birika, au baada?”

“Kabla.”

Msimamizi wa kampuni ya ulinzi alikunja fomu yake mara mbili na kuitia mfukoni. Mama Barafu aliinua kreti tupu, akatoka kwa mlango alioingilia, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

Mkurugenzi alisema mengine yatazungumzwa ofisini kwake, na fundi asiondoke. Alimwambia mlinzi avae koti lake. Mlinzi alivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni bila kujali joto, akachukua tochi na filimbi. Hakuondoka.

“Kuna kingine, Mzee?”

“Birika langu, bosi.”

Mkurugenzi alimtazama afisa. Hakuhitaji kusema. Afisa alipita katikati ya viti kuelekea ofisini mwake, na mlango wa ukumbi ukaachwa wazi ili wote waone. Alifungua kabati. Mabirika yalikuwa yamepangwa kwa safu, kila moja na jina. La mlinzi peke yake halikuwa na jina, hakuwa ameliandika. Alilitoa.

“Bwana Zima,” mhasibu alimwita kutoka ukumbini. “Ukitoka, usisahau taa.”

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

Alivuka ua na birika mkononi, mbele ya madirisha. Mlinzi alikuwa ametangulia, na yule mpya alikuwa ameshaambiwa aende. Afisa alisimama mlangoni mwa kibanda. Alisema, “Mzee.” Alisema tena, “Mzee wangu,” akamnyooshea birika.

Mlinzi alipokea birika kwa mikono miwili. Alifunua kifuniko, akatazama ndani, akalisuuza na kumwaga maji kwenye udongo uliotitia kando ya kibanda. Akajaza maji mengine kutoka kwenye dumu. Akaliweka juu ya stuli, akachomeka plagi, akabonyeza. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka.